Kobalti: Tiba kwa mgonjwa wa saratani, hatari kwa muuza vyuma kuukuu

KATIKA eneo la msitu wa Oloolua, ambapo mtaa wa Karen jijini Nairobi unakaribiana na Ngong, kipo kituo cha taifa cha kushughulikia taka zenye mionzi. Humo huhifadhiwa vifaa vya mionzi ambavyo hospitali, viwanda na watafiti wamemaliza kuvitumia.

Umuhimu wa kituo hicho unadhihirika katika historia ya kobalti-60.

Madini haya ya mionzi hayachimbwi ardhini. Kobalti ya kawaida huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, ikafyonza chembechembe ziitwazo nyutroni na kuanza kutoa miale ya gama. Miale hiyo hupenya mwili wa binadamu na kuua seli. Ikielekezwa ipasavyo kwenye uvimbe wa saratani, huwa tiba. Kwa miaka mingi, Hospitali Kuu ya Kenyatta ilitegemea mashine za kobalti kuwatibu wagonjwa wa saratani. Viwandani, miale iyo hiyo huua viini katika mabomba ya sindano na glavu za madaktari.

Ifahamike kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa mashine hiyo harudi nyumbani akiwa na mionzi mwilini. Mashine ikifungwa, miale hukoma kumfikia.

Tatizo huanza kobalti inapochakaa. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Baada ya miaka kumi na nusu hivi, hubaki robo tu, na muda wa kumtibu mgonjwa mmoja huongezeka mara nne. Hospitali hulazimika kununua kobalti mpya. Hata hivyo, robo hiyo isiyomfaa tena daktari ingali na uwezo wa kuua. Huchukua zaidi ya miaka 50 kupungua hadi sehemu moja kwa elfu.

Nchini Thailand mwaka wa 2000, sehemu ya mashine kuukuu ya tiba iliyokuwa imeachwa bila ulinzi iliishia kwa wauza vyuma mkoani Samut Prakan, karibu na Bangkok. Ilipokatwa, kobalti ilifichuka. Watu kumi waliathirika vibaya, na watatu wakafariki. Awali, nchini Mexico, kobalti ya mashine iliyouzwa kama chuma kuukuu mjini Ciudad Juárez mwishoni mwa 1983 iliyeyushwa pamoja na vyuma vya ujenzi. Mamia ya nyumba yalilazimika kubomolewa.

Nchini Kenya, ambako biashara ya vyuma kuukuu huwapa wengi riziki, Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliipa mamlaka ya KNRA jukumu la kutoa leseni na kukagua vifaa hivyo, kazi iliyokuwa ya Bodi ya Kukinga dhidi ya Mionzi.

Mionzi haina harufu, rangi wala joto la kumwonya mtu. Anayekuta chombo kizito kupita kiasi kwa umbo lake, au chenye alama ya mabawa matatu yanayozunguka nukta, asikikate wala kukibeba. Aondoke, awazuie wengine wasikikaribie, kisha awaarifu polisi au KNRA. Kichefuchefu na ngozi kuungua huenda vikaja saa au siku kadhaa baadaye, wakati madhara yamekwisha kutendeka.