Kwa nini watu hawakai juu ya Kundelungu

Hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, bei ya unga ikipanda, wazo lilelile hurudi midomoni: kaskazini kuna ardhi tupu juu ya uwanda wa Kundelungu, watu wapelekwe wakalime. Kweli, uwanda ule wenye kimo cha mita 1,600 na zaidi karibu hauna vijiji. Ila haukuachwa kwa kusahaulika.

Wengi husema ni sheria ya hifadhi ya taifa, iliyoundwa mwaka 1970. Sheria ina uzito wake, lakini watu walichagua mabonde zamani sana. Mfalme Msiri aliweka makao yake Bunkeya, chini. Watu wa kabila la Wasanga walipika chumvi Mwashya, karibu na mto Lufira. Wavuvi wakajazana Kasenga, kando ya mto Luapula.

Wala si baridi peke yake, ingawa usiku wa Juni na Julai huko juu hukata mifupa. Wala si ukame: Kundelungu hupata mvua ya kutosha kila mwaka.

Shida ni udongo. Mkulima wa kwetu hulima kwa majivu: hukata miti ya miombo, huiacha ikauke, huichoma kabla ya mvua za Novemba. Majivu hupunguza uchachu wa udongo na kulisha mahindi misimu michache. Juu ya Kundelungu, sehemu kubwa ni nyasi juu ya mchanga uliooshwa na mvua tangu enzi na enzi. Pasipo miti hapana majivu, wala makaa ya kupeleka sokoni.

Miti yenyewe imejizika. Kuna mmea ambao wataalamu huuita Parinari capensis: juu ya ardhi utaona vijiti vyenye majani, havifiki magotini. Chimba, utakuta shina gumu la mti limelala chini ya mchanga, likitambaa na kutoa matawi. Moto wa kiangazi ukipita, linachipua upya. Tena, masika yakifika, maji hutuama pale juu. Muhogo ukipandwa, mizizi huoza.

Maji yakishajaa hutafuta njia ya kushuka, na mto Lofoi huporomoka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja kuelekea bonde la Lufira. Huko ndiko wakulima waliko, na mvua ikikolea barabara zao hazipitiki. Fedha za kuhamishia watu mlimani ningezimwaga zote kwenye barabara hizo.