Nyota Yenye Mkia ya Encke

Mtu asimamaye usiku sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, huona mwezi na nyota kubwa tu. Nuru ya taa huzifunika nyota hafifu. Iko nyota yenye mkia ambayo mara nyingi haionekani ila kwa darubini. Mfaransa Méchain aliiona mwaka 1786, kisha ikapotea. Ikaonekana tena 1795, 1805 na 1818, nayo ikidhaniwa mpya. Ndipo Mjerumani Encke alipopiga hesabu, akatambua kuwa zote ni moja, nayo hulizunguka jua kwa muda usiofika miezi 40. Njia yake imerefuka: hulikaribia jua sana, kisha huenda mbali, isifike ilipo Mshtarii. Encke akasema itarudi 1822. Na kweli ikaonekana Parramatta, Australia. Basi iliyopotea machoni ilipatikana kwa hesabu.