Mnunuzi wa Nyumba na Kinga ya Sheria

Nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote apatazo mfanyakazi wa mjini katika maisha yake. Wapo wanaoinunua kwa akiba ya miaka mingi, na wapo wanaoitilia kiinua mgongo chao chote. Kwa hiyo anayedhulumiwa katika ununuzi huo hapotezi fedha tu, bali na mahali pa kuwalaza wanawe. Ajabu ni kwamba wengi hulichukua jambo hili kwa wepesi: asubuhi dalali huonesha nyumba, na jioni fedha zimekwisha kutoka.

Sheria za Tanzania hazikumwacha mnunuzi peke yake. Lakini kinga yake humfaa zaidi aulizaye kabla ya kulipa.

Kwanza, ni lazima kufahamu kinachouzwa. Ardhi yote ya nchi ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopata mnunuzi pamoja na nyumba ni haki ya kuimiliki ardhi kwa muda ulioandikwa katika hati, ambao aghalabu ni miaka 33, 66 au 99. Anayenunua kwa hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1999, ajue kwamba muda huo unakwisha mwaka 2032. Tena asichanganye hati na leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi.

Pili, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 yataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi na utiwe saini. Ahadi za barazani, hata zikisikiwa na watu kumi, hazitoshi. Vilevile muhuri wa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa ni ushahidi mzuri wa majirani, lakini hauhamishi milki. Nyumba yenye hati huhama pale jina la mnunuzi linapoandikwa katika daftari la Msajili wa Hati.

Daftari hilo ndilo jicho la mnunuzi. Kwa kulipa ada, mtu huweza kuomba upekuzi na kuelezwa ni nani mmiliki, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna aliyeweka zuio. Karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji yaweza kughushiwa. Kwa hiyo ilinganishwe na daftari. Na ikiwa mwenye nyumba amekwisha fariki, anayeuza hana budi kuonesha kwamba ndiye msimamizi halali wa mirathi. Kuwa mtoto wa marehemu hakutoshi.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni la ndani ya nyumba yenyewe. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Akiiuza kwa siri, mwenzake hubaki na haki ya kuendelea kukaa humo maadamu ndoa ingalipo, isipokuwa mnunuzi awe hakujua, wala asingeweza kujua hata kwa uangalifu wa kutosha. Basi mnunuzi asiyemwuliza mama mwenye nyumba, naye anamwona jikoni akipika, atajitetea kwa lipi? Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa saini.

Ugomvi ukizuka, yapo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, na rufani huenda Mahakama Kuu. Lakini kesi hula miaka, na tapeli aliyekwisha kula fedha huwa hana cha kurudisha.

Ndugu msomaji, muuzaji mkweli haogopi maswali. Anayekuhimiza ulipe leo kwa sababu kesho nyumba itachukuliwa na mwingine, mwache huyo mwingine aichukue. Soma hati, fanya upekuzi, kaa na wanandoa wote wawili, mwone wakili. Ndipo ufungue mkoba.