Kitabu kwa Idadi Inayohitajika: Mwongozo kwa Mwandishi Anayejichapishia

Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu Mlima Meru ilichapwa mbali na mlima wenyewe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York kudai haki ya watu wake. Kitabu alichoandika juu ya shauri hilo kwa kushirikiana na wakili Earle Seaton kilitolewa mwaka 1967, kwa Kiingereza, na East African Publishing House ya Nairobi.

Kitabu cha namna hiyo kikiisha ghalani, mchapishaji hukirudia pale tu anapoona wanunuzi wengi. Wasomaji mia mbili wa kata mbili au tatu hawatoshi kumshawishi. Ndiyo maana historia nyingi za koo, za sharika, za mifereji na za mashamba ya kahawa zimebaki katika madaftari, na nyingine hazijavuka midomo ya wazee. Mzee akifariki, huondoka nazo. Simulizi za Kimeru ziko hatarini zaidi, kwa kuwa wasomaji wake ni wachache kuliko wale wa Kiswahili.

Uchapaji kwa oda umeifungua njia hiyo. Kitabu hupigwa chapa kwa idadi iliyoagizwa, iwe nakala mia, ishirini au hata moja, na kikihitajika tena hupigwa chapa tena. Hata hivyo, wepesi huu una masharti yake, na asiyeyafahamu anaweza kupoteza akiba yake au haki ya kazi yake.

Mpigachapa na mchapishaji

Ni vyema kutofautisha kazi mbili. Mpigachapa ni mwenye mashine: hupokea faili na kurudisha vitabu. Mchapishaji ni yule anayebeba dhamana ya kitabu: huamua kitolewe, hugharamia uhariri na usanifu, huweka bei, hutafuta wasomaji na hujibu mbele ya sheria. Mwandishi anayejichapishia hubeba kazi zote za mchapishaji. Kumlipa mpigachapa hakumwondolei hata moja.

Hesabu ya nakala

Katika uchapaji wa kawaida wa ofseti, mabamba huandaliwa kabla ya karatasi ya kwanza kuchapwa. Gharama ya maandalizi hayo ni ileile kwa nakala hamsini au elfu tano, kwa hiyo nakala zikiwa chache kila moja huwa ghali. Mashine ya kidijitali haihitaji mabamba; huchapa moja kwa moja kutoka kwenye faili la kompyuta. Bei ya nakala moja haishuki sana idadi inapoongezeka, lakini hakuna mzigo mkubwa wa kuanzia.

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha hesabu tu, si bei ya soko. Tuseme maandalizi ya ofseti ni shilingi 2,000,000 na kila nakala huongeza shilingi 3,000, ilhali nakala ya kidijitali ni shilingi 8,000. Njia hizo mbili hulingana katika nakala 400, ambapo kila moja hugharimu shilingi 3,200,000. Chini ya hapo, dijitali ni nafuu. Juu ya hapo, ofseti.

Kosa linaloumiza wengi ni kutazama bei ya nakala moja pekee. Nakala 1,000 za ofseti katika mfano huu hugharimu shilingi 5,000,000, yaani shilingi 5,000 kila moja. Mwandishi akiuza 150 tu kwa shilingi 12,000, hupata shilingi 1,800,000. Shilingi 3,200,000 hubaki zimelala katika maboksi yanayonyonya unyevu. Angeagiza nakala 50 za kidijitali, angetumia shilingi 400,000 na kujua kwanza iwapo wasomaji wapo.

Bei nayo ipangwe kwa kuhesabu sehemu ya muuzaji. Duka likichukua asilimia 30 ya shilingi 12,000, mwandishi hubaki na shilingi 8,400. Baada ya gharama ya kuchapa, faida ni shilingi 400. Kwa hiyo vitabu vichache huleta faida zaidi vinapouzwa mkono kwa mkono: katika mikutano ya ukoo, baada ya ibada, shuleni, au siku ya soko Tengeru.

Hatua za kufuata

Kwanza, mswada usomwe na mhariri asiye mwandishi mwenyewe. Simulizi za wazee zithibitishwe kwa zaidi ya msimulizi mmoja, wasimulizi waombwe ridhaa na watajwe, na picha za watu zitumike kwa ruhusa.

Pili, hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki huanza kazi inapotungwa, na hudumu kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, si sharti la kuipata haki hiyo, bali huongeza ushahidi pakitokea mgogoro.

Tatu, namba ya ISBN. Hii ni namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vitabu vingi vya Tanzania hubeba namba zinazoanza na 978-9976 au 978-9987. Kitabu cha jalada laini, cha jalada gumu na cha kielektroniki huhitaji kila kimoja namba yake. Sheria humtaka pia mchapishaji akabidhi nakala kwa Bodi ili zihifadhiwe kwa ajili ya taifa. Anayejichapishia hakusamehewa wajibu huo.

Nne, usanifu na prufu. Faili la kurasa na la jalada yatolewe kwa PDF, kwa kipimo kamili cha kitabu. Unene wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi, hivyo jalada likamilishwe baada ya kurasa kukamilika. Nakala moja ya majaribio ichapwe na kusomwa yote kabla ya oda kutolewa. Gundi ikaguliwe kwa kukifungua kitabu mara nyingi.

Kitabu kinachokusudiwa kutumika darasani kina hatua zaidi: huhitaji ithibati, ambayo hushughulikiwa kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania.

Huduma za mtandaoni

Kampuni za nje, kama Amazon, hupokea faili bila malipo ya awali na kuchapa kila nakala inaponunuliwa. Njia hiyo humfaa mwandishi mwenye wasomaji Ulaya au Marekani. Wachapishaji wakubwa wa nchini nao huitumia: vitabu vya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1991, huuzwa nje kupitia African Books Collective, chombo cha wachapishaji wa Afrika chenye makao Oxford, ambacho hutegemea uchapaji kwa oda.

Msomaji wa Usa River, kwa upande wake, atalipia usafirishaji ambao waweza kuzidi bei ya kitabu. Aidha, Marekani hukata asilimia 30 ya mirabaha inayopatikana huko kwa mwandishi ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Tanzania haina. ISBN ya bure ya Amazon nayo haiwezi kutumika kwa mpigachapa mwingine. Mwenye kulenga wasomaji wa hapa hufaidika zaidi kwa kuchapa Arusha na kutumia ISBN yake mwenyewe.

Kabla ya kutia saini

Makubaliano na mpigachapa yawe ya maandishi, yakitaja idadi, aina ya karatasi, aina ya ufungaji, tarehe ya kukabidhi na wajibu wa kufidia nakala mbovu. Mwandishi adai kukabidhiwa faili la mwisho la kurasa na la jalada. Asiyekuwa nayo atalipia usanifu upya kila anapohama. Mkataba unaomtaka alipe gharama zote na wakati huohuo akabidhi hakimiliki usisainiwe.

Wakazi wenye miswada wanashauriwa kuanza na Afisa Utamaduni wa Halmashauri kwa ushauri, na kutumia Maktaba ya Mkoa wa Arusha kuulizia taratibu za ISBN. Kila kitabu kitakachochapwa, hata kwa nakala ishirini, kitengewe nakala moja ya shule ya kata na moja ya maktaba, ili asiye na uwezo wa kukinunua naye akisome.