Herufi za Barghash sokoni Gizenga

Ukiulizia sarafu za Zanzibar kwenye maduka ya vitu vya kale ya mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe, mara nyingi utatolewa kwanza ile ya shaba ya Sultani Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Upande mmoja ina mizani. Upande wa pili umejaa hati ya Kiarabu: jina lake, la baba yake na dua ya kumwombea hifadhi ya Mungu. Haina sura ya mtu. Anayeinunua ananunua maandishi.

Wingi wake ndio unaoshusha bei. Riale ya fedha ya mwaka huohuo ni adimu, na senti za Sayyid Ali bin Hamud za 1908, zenye mnazi, nazo hazionekani ovyo. Lakini hata sarafu adimu huharibika thamani ikisuguliwa kwa ndimu. Itang'aa, mtalii ataipenda, ila mkusanyaji ataiacha, kwani yeye hulipia weusi wa miaka na herufi zisizolika. Reale za Maria Theresa zataka tahadhari zaidi: ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20, zote zikiandikwa 1780.

Sarafu za kale za Zanzibar haziongezeki. Za kumbukumbu hutengenezwa leo: benki kuu huagiza chache, huziuza kwa bei inayozidi gharama, na mnunuzi huziweka kabatini. Tanzania iliwahi kufanya hivyo mwaka 1974, ikatoa za twiga, faru na duma kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Armenia nayo imeziadhimisha kwa mfululizo wa sarafu herufi zake, zilizobuniwa na Mesrop Mashtots mwaka 405 zikiwa 36. Hapo kuna akili ya biashara, maana aliyenunua moja hutamani zilizobaki.

Unguja ina mtaji wa namna hiyo. Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati iliyokisanifisha ilianza kazi mwaka 1930. Karne itatimia 2030. Naona Benki Kuu ya Tanzania itoe mfululizo wa Kiswahili, upande mmoja hati za Kiarabu walizoandikia wazee wetu, upande wa pili za Kilatini, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) likihakiki kila neno. Wenye maduka ya Mji Mkongwe wapewe uwakala mapema, kwa bei iliyotangazwa, badala ya wageni kuzinunulia mtandaoni wakishafika kwao.