Adabu za Ugwe wa Nguo

Mgeni apitaye asubuhi katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Mji wa Kale wa Mombasa, hajui yaliyomo ndani ya nyumba, na milango ya nakshi iliyofungwa haimwambii neno; walakini akiinua macho kwenye roshani, au akipita penye ua ulioachwa wazi, kamba ya nguo humpa habari za nyumba nzima. Nepi zilizopangwa safu moja humwambia kuwa mna mzazi. Kanzu za vimo mbalimbali, kuwa mna vijana waendao chuoni. Shuka za ziada, kuwa wamelala wageni. Na nguo nyeupe tupu za mwanamke, zikianikwa wiki baada ya wiki, aghalabu humjulisha kuwa mna mjane akaaye eda, akitimiza miezi 4 na siku 10 zake. Kwa kuwa nguo hazina budi kukauka, na jua haliingii vyumbani, nyumba yenye heshima hulazimika kila siku kutoa nje sehemu ya siri zake. Mila za kuanika nguo katika mwambao zimezaliwa na dharura hiyo: kipi kionekane, kipi kisitiriwe, na jirani ana haki gani katika kamba isiyokuwa yake.

Mahali pa kuanikia hufuata umbo la nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu ugwe hufungwa kiwandani, yaani ua wa ndani usio na paa, ambapo kuta ndefu huzuia macho ya mtaa lakini huzuia na upepo pia, hata nguo nzito zikachukua mchana mzima kukauka. Basi shuka na mapazia hupandishwa paani, na mwanamke apandaye huko hujitanda kwanza, kwani paa lake huonana na mapaa ya wenziwe. Katika nyumba za Kiswahili za Ng'ambo ya Unguja au Kariakoo ya Dar es Salaam, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ugwe huwa uani, karibu na jiko na choo, na wapangaji wote huutumia kwa kupeana nafasi.

Zamani ugwe wenyewe ulikuwa wa usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha wanawake huyafukua, huyaponda kwa magongo na kusokota nyuzi zake kuwa kamba, kazi ambayo hata leo haijakoma katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani. Kamba hiyo haikatiki upesi, wala nguo haitelezi juu yake. Lakini ikiwa mpya hutoa maji ya hudhurungi yatiayo kanzu mstari, ndiyo maana mwenye hekima huiroweka na kuianika juani kabla ya kuiamini. Waya uliokuja baadaye una aibu yake ya kutu, ambayo haitoki kwa sabuni. Na kamba ya nailoni ya siku hizi hulegea kwa uzito wa nguo mbichi, hata ikahitaji kuinuliwa katikati kwa mti wenye panda.

Kuanika hutanguliwa na kufua, na kufua kwa Mwislamu wa pwani kuna madai mawili: usafi wa macho na tahara ya sala. Sabuni ya mche huondoa uchafu, na buluu kidogo katika maji ya mwisho huizidishia kanzu weupe. Lakini nguo ya kusalia haitoshi kuwa nyeupe, hapana budi itwaharishwe, nayo humiminiwa maji safi mpaka moyo wa mfuaji uridhike. Tahara hiyo huendelea kulindwa kambani. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao, kilichorambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo; basi ugwe hufungwa juu, pasipofikiwa na pua ya mnyama, na nguo iliyoanguka hairudishwi kambani ovyo, bali hutazamwa imeanguka wapi, na ikitiliwa shaka hurudi beseni. Siku nazo zina daraja zake. Alhamisi ugwe hujaa weupe, kwa sababu kanzu za Ijumaa yafaa ziwe zimetiwa wanga, zimekauka, na kupitiwa na pasi ya mkaa kabla ya siku yenyewe kuingia.

Mtazame mwanamke aliyelelewa katika kazi hii. Kwanza hupitisha kitambaa chenye maji juu ya kamba, kutoka ncha hata ncha, ili vumbi na mavi ya kunguru yasihamie katika nguo aliyotoka kuitolea jasho. Kanzu huikung'uta mara mbili kwa kishindo, makunyanzi yaruke, huigeuza ndani nje, kisha huibana kwa pindo la chini, mikono ikining'inia, ili alama ya kibanio isibaki begani penye kuonekana na watu. Buibui hulitafutia kivuli chenye upepo, kwani jua la saa sita hupausha weusi wake. Kanga mpya, iliyokwisha kurowekwa katika maji ya chumvi ili rangi ishike, huanikwa peke yake mara ya kwanza, isije ikachuruzikia nguo ya mwingine. Ama kofia ya vito, ambayo mshonaji wake aliitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kwa miezi, haiguswi na kibanio hata kidogo: hutiwa wanga, huvishwa juu ya kitu cha mviringo kilichopimwa kichwa cha mwenyewe, na kuwekwa juani mpaka isimame.

Baada ya ufundi hufuata haya. Nguo za ndani, za wanawake hasa, hazianikwi mbele ya macho ya wapitao, wala mbele ya wakwe na shemeji waingiao uani. Penye kamba mbili, ya nje hubeba shuka na kanga, na ya nyuma hubeba yaliyobaki, hata mtazamaji asione ila pazia la rangi. Penye kamba moja, nguo ndogo hufunikwa kwa kanga nyepesi, au huanikwa chumbani. Sodo za mwanamwali zilikuwa na siri kubwa zaidi, na somo wake alimfunza kuzifua mwenyewe na kuzificha asizione mtu. Hapa nathubutu kutofautiana kidogo na wahenga, si katika sitara bali katika njia yake: chumba chenye giza na unyevu huvundisha nguo, na nguo iliyovunda huleta muwasho na maradhi katika maungo yaliyokusudiwa kuhifadhiwa. Kanga moja nyepesi juu ya kamba iliyo juani hutimiza mambo mawili kwa pamoja, haya na afya, na mama asiyemfunza bintiye jambo hili kwa kuona aibu amekumbuka nusu ya wajibu wake. Wazee wenyewe walikwisha sema kuwa mficha uchi hazai.

Walakini si kila kianikwacho huanikwa kwa kujificha. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, nayo maneno ya jina husomeka kambani vizuri kuliko mwilini, kwa sababu kambani hayana mikunjo. Mwanamke aliyegombana na jirani yake, na ambaye adabu haimruhusu kwenda kumtolea maneno mlangoni, aweza kutoa sandukuni kanga yenye jina la "Hasidi hana sababu", akaifua ilhali haikuchafuka, na kuianika jina likielekea dirisha la jirani huyo. Akiulizwa, ameanika nguo yake ikauke. Na aliyelengwa, akilalamika, amekiri kuwa maneno yamempata. Ugomvi wa namna hii huweza kudumu mwezi mzima bila ya sauti kupazwa, doti ikijibiwa kwa doti. Wenye busara huusuluhisha upesi, lakini yafaa tukiri kuwa ni ugomvi wenye fadhila, maana haumwagi damu wala hautoi tusi.

Jua likikaribia kuchwa, kabla ya adhana ya magharibi, nguo zote huanuliwa, na za watoto wachanga hutangulia. Wazee husema kuwa saa hiyo ni ya mashetani kutembea, na kinguo cha mtoto kilicholala nje hupata upepo mbaya, mtoto akashinda akilia bila ya sababu ijulikanayo. Asadikiye na asadiki. Lakini hata asiyesadiki hana hoja ya kuacha nguo usiku, kwa kuwa umande huzirudisha ubichi, na mwizi hahitaji ngazi. Tena kuna adui mwingine, asiyengoja usiku. Ni nzi wa manjano iliyofifia, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, apatikanaye katika nchi nyingi za joto za Afrika. Hutaga mayai yake katika mchanga wa kivulini na katika nguo zenye unyevu, na baada ya siku 1 hadi 3 mayai huanguliwa, funza akatoboa ngozi ya avaaye na kufanya jipu lenye kuuma. Kwa hiyo bibi akatazaye nepi kutandazwa chini ya mwembe, na apigaye pasi ya moto kila kinguo hata kisichoonekana na mtu, hafuati ushirikina. Moto wa pasi huua mayai ambayo jicho halikuyaona.

Jambo kubwa kuliko yote katika mila hizi ni haki ya jirani wakati wa mvua. Mwambao una majira yake, kaskazi kavu ya Disemba hata Februari ikaushayo shuka kwa muda mfupi, na masika ya Machi hata Mei yanyeshayo pasipo taarifa, hata mfuaji akawa hana budi kushinda na jicho moja mbinguni. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ikionekana sauti hupaa uani: "Mama Asha we! Mvua hiyo, anua!" Ikiwa Mama Asha yuko sokoni, aliyemwita hangoji jibu. Huacha chungu chake jikoni, huanua nguo za mwenziwe pamoja na zake, huzikunja akizitia zile ndogo ndani ya kubwa, wala hasemi aliona nini. Jioni humpelekea kwa hodi: "Nguo zako hizi, shoga." Naye hujibiwa, "Ahsante, shoga, umenisitiri." Aliyeona chupi yenye viraka au shuka yenye doa akaenda kuisimulia kisimani huhesabiwa kuwa mbaya kuliko mwizi, maana mwizi huchukua nguo, na huyu amechukua heshima.

Siku zetu maghorofa yamebadilisha mengi. Katika majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na katika maghorofa mapya ya Mombasa na Dar es Salaam, ua umekuwa kibaraza cha hatua chache, na jirani wa chini hupokea matone ya nguo za wa juu yake. Wako wenye nyumba wakatazao kabisa nguo kuonekana nje, wakidhani kuwa zinaharibu sura ya jengo, bila ya kuonyesha mahali pengine pa kuzianika. Hilo ni dhuluma ndogo kwa mpangaji, kwa kuwa hakuna mtu aishiye bila ya kufua. Mwenye kujenga na aweke pa kuanikia penye jua na sitara, kama awekavyo jiko na choo. Mwenye kukaa juu na akamue nguo zake vizuri kabla ya kuzitoa. Na kila mmoja wetu, mvua ikianza na jirani hayupo, ajue kuwa nguo zilizo kwenye ugwe ule ni amana mikononi mwake.