Ukimwi: Kijana humsikiliza kijana mwenzake

Wasomaji wengi wa mjini hudhani kwamba elimu ya ukimwi imetosha. Takwimu za kando ya Ziwa Victoria zasema vingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na virusi. Homa Bay walikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3.

KWA NINI ZIWANI?

Sababu moja ni biashara ya samaki. Mama anayetafuta omena wa kuuza huenda akalazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe. Mazoea haya huitwa jaboya. Mvuvi naye hufuata samaki ufuo hadi ufuo, na virusi husafiri pamoja naye.

Hapa ndipo vijana wa kijiji wanafaa. Wakishafunzwa vyema na wauguzi, huweza kuwafikia wenzao ufuoni nyavu zikishonwa, au uwanjani baada ya mechi. Huigiza mchezo mfupi kwa Kijaluo, kisha huruhusu maswali. Jambo ambalo kijana huona haya kumwuliza mwalimu au mhubiri, humwuliza mwenzake.

NI NINI CHA KUFUNDISHWA?

Kutisha watu hakutoshi. Mwaka wa 2004, mtafiti Pascaline Dupas alilinganisha shule za msingi magharibi mwa Kenya. Katika baadhi yake, wasichana walielezwa kwa dakika 40 tu kwamba wanaume wa makamo wana virusi zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba zilipungua kwa asilimia 28. Kuwafunza walimu mtaala wa kawaida, uliosisitiza kujizuia tu, hakukupunguza mimba. Msichana alihitaji kujua hatari iko wapi hasa.

Vijana wafundishe pia haya:

Tohara. Utafiti uliofanywa Kisumu kwa wanaume 2,784 ulisimamishwa Desemba 2006 baada ya kubainika kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Haimkingi kabisa. Kondomu bado inahitajika.

Kupimwa. Virusi huenda visionekane katika majuma ya kwanza. Anayeshuku arudie kipimo baada ya miezi mitatu.

Dharura. Aliyenajisiwa au ambaye kondomu imempasukia afike hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia maambukizi.

Dawa. Anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ujumbe huu huondoa aibu, na aibu ndiyo huwafanya wengi wachelewe kupimwa.

Msomaji, ukienda nyumbani likizoni na ukute vijana wakiigiza ufuoni, usiwakemee kwamba wanafundisha uasherati. Waachie binti na mwana wako nafasi ya kusikiliza. Nawe pia keti usikilize, kwani huenda nyumbani wakakuuliza swali.